Kurasa Kumi na Sita za Toleo la Januari

Jumamosi hiyo Mizuho Karashima alifika ghorofa ya tatu ya jengo la maduka la Sannomiya nusu saa kabla duka la Okuzumi la vitabu vya katuni halijafunguliwa, akakuta ametanguliwa. Daktari Shirakabe alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake mweusi wa udaktari wa meno, ingawa meno ya watu aliacha kuyagusa miaka saba nyuma. Siku hizi mkoba ule ulibeba glavu nyeupe, mifuko ya nailoni na vipande vya kadibodi vya kuzuia manga, katuni hizo za Kijapani, zisijikunje.

"Umechelewa, Karashima-san," alisema bila kugeuka. "Nilidhani bandari imekushikilia mpaka Jumamosi."

"Nami nilidhani wazee wa rika lako saa hizi wako bustanini wananyoosha viungo, Daktari. Kumbe wanapanga foleni ya katuni za wasichana."

Walikuwa wakisalimiana namna hiyo kwa miaka kumi na moja. Mizuho, karani wa makontena bandarini, alinunua kitabu kimoja kimoja na kukisoma mpaka kikaachia majani, kwenye treni, bafuni, hata akila tambi. Daktari alinunua kila kitu mara mbili, nakala ya kusoma na nakala ya kuhifadhi, na ile ya kuhifadhi hakuna mkono uliowahi kuifunua. Mizuho alimwita mlinzi wa makaburi. Naye Daktari alisema hadharani kwamba kumwazima Mizuho kitabu ni sawa na kukitupa baharini. Ukiwaona ungedhani hawapatani, lakini mmoja akikosa kufika Jumamosi, mwenzake alimpigia simu kabla ya saa sita.

Leo roho zote mbili zilikuwa juu kwa sababu moja. Okuzumi, mwenye duka, alikuwa amewaarifu kwamba amenunua mzigo wa duka la vifaa vya shule lililokuwa likibomolewa kule Tarumi, na kwamba ndani yake kuna bunda la magazeti ya manga ambalo halijawahi kufunguliwa kamba. Juu ya bunda kulikuwa na *Nanga*, toleo la Januari 1995.

Mizuho hakulala vizuri tangu apate habari hiyo. *Nanga* lilikuwa gazeti dogo la watoto la hapa hapa Kobe, na ndani yake mlikuwa na hadithi ya Toki, binti wa miaka kumi na minne anayeendesha boti ya tagi ya marehemu baba yake na kuzivuta meli kubwa kuziingiza bandarini. Katika toleo la Desemba, Toki alitoka peke yake kwenye dhoruba kwenda kuivuta meli aliyokuwamo kaka yake. Kamba ikakatika, taa ya tagi ikazimika, na ukurasa wa mwisho ukawa mweusi tupu. Mwisho wa hadithi ulikuja Januari katika kurasa kumi na sita zilizounganishwa ukingoni, ili wale wanaosoma bure wakiwa wamesimama dukani wasipate kitu. Ilibidi ununue, kisha uzikate mwenyewe.

Mizuho alinunua. Alikuwa na miaka tisa, na ilikuwa jioni ya Jumatatu, siku ya mapumziko. Mama yake alimkataza kupanda kitandani na mkasi, akamwambia atakata kesho. Alfajiri ya Jumanne ardhi ikatetemeka. Yeye na mama yake walitolewa wazima, lakini nyumba ilikuwa imelala chini na gazeti limo humo. Wiki hiyo hiyo ghala la wachapishaji liliteketea, *Nanga* likafa, na mchoraji hakuchora tena. Tangu hapo Mizuho alikuwa amesoma manga elfu kadhaa, na hakuna hata moja iliyomwambia kama Toki alirudi.

Okuzumi alipofungua mlango, hakuna aliyekimbia, kwa kuwa kukimbia dukani ni aibu. Walitembea haraka kama watu wanaotafuta choo. Bunda lilikuwa mezani, kamba imeshakatwa, na mikono miwili ikatua juu ya gazeti lile kwa pamoja, mmoja mtupu na mmoja wa glavu nyeupe.

"Nilikuwa wa kwanza," alisema Mizuho.

"Kucha zako ndizo zilizokuwa za kwanza," alisema Daktari. "Mimi nimeshika gazeti."

Okuzumi alilitoa kwa upole katikati yao, akaliweka nyuma ya kaunta. Bei yake ni ile ile aliyoiandika, alisema, hafanyi mnada wa marafiki. Watacheza mchezo wa vidole wa jiwe, karatasi na mkasi, mara moja tu, na atakayelalamika atakaa mwezi mzima bila kukanyaga dukani. Hiyo ndiyo desturi, nao waliijua. Wateja waliokuwa wakipekua rafu za beji wakaacha, wakasogea kutazama.

Mara ya kwanza wote walitoa karatasi, ikabidi warudie. Mara ya pili wote mkasi. Mizuho alipoinua macho aliona jasho limemtoka Daktari chini ya nywele zake nyeupe. Mara ya tatu Mizuho alitoa jiwe, ambalo huvunja mkasi. Vidole viwili vya Daktari vilikuwa bado vimenyooka kama mkasi, akavitazama kwa muda mrefu. Watu wakapiga makofi. Mizuho alilipa huku akicheka peke yake kama mwendawazimu, miguu haimtulii, akaomba wembe wa kukatia karatasi hapo hapo kwenye kaunta.

Aliuweka ukingoni mwa ukurasa. Mkono ukagoma.

Lilikuwa jipya kabisa. Halikuwa na mkunjo wala doa, na pengine hakuna jingine duniani. Yeye aliyemcheka mlinzi wa makaburi miaka yote hiyo alijisikia akimuuliza Okuzumi kama ana mfuko wa nailoni. Aliona haya, lakini hakuuondoa mkono wala kuukaza. Badala yake alizibinya kurasa taratibu zikafanya tundu juu, akachungulia kwa taa ya simu. Aliona kiatu. Aliona kipande cha kamba. Okuzumi akachungulia kutoka chini, akaripoti kwamba kuna mawimbi na nusu ya sikio.

"Sikio la nani?" Daktari aliuliza akiinama juu ya kaunta.

"Halijaandikwa jina," alisema Okuzumi.

"Kata," Daktari alimwambia Mizuho. "Nakusihi, kata."

Mizuho alimgeukia akidhani hakusikia vizuri. Tangu lini mtu huyu akaomba kitu kikatwe?

"Ninalo moja nyumbani," alisema Daktari. Alivua glavu moja, kisha ya pili. "Nililipata Jumatatu ile ile ya kabla ya tetemeko, kwenye kibanda cha stesheni ya Motomachi. Lilikuwa limebaki moja tu. Mwenye kibanda akasema la pili nilifuate kesho yake. Kwa hiyo nikaliweka la kuhifadhi, nikawa nangoja la kusoma."

Mizuho alihesabu kichwani, akarudia kuhesabu.

"Miaka zaidi ya thelathini unalo kabatini," alisema, "na hujui kama alirudi?"

"Nisingeweza kulikata. Lilikuwa la kuhifadhi."

Mizuho alitaka kumkaripia, na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa yote mawili yasingefaa mbele za watu, alimpa wembe. Alimwambia mkono wa mganga wa meno hautetemeki kama wa karani. Daktari Shirakabe alikata, ukingo wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane, na kila karatasi ilipoachia, Mizuho alijisikia ana miaka tisa na furaha imemjaa mpaka kifuani hapatoshi.

Walisoma wameegemea kaunta, bega kwa bega, Okuzumi akisoma juu chini kutoka upande wake. Toki alipapasa kamba gizani. Toki aliifunga upya kwa meno. Kurasa nne nzima hazikuwa na neno lolote, mvua tu na mikono yake kwenye usukani. Daktari alitaka kufunua haraka, Mizuho akamzuia kwa kiwiko. Kisha ukurasa wa kumi na sita: asubuhi, gati, meli imefungwa salama, na Toki uso mzima, nywele zimemganda, anamtazama msomaji moja kwa moja. Kiputo cha maneno kilikuwa kimoja. Mizuho alikisoma kwa sauti.

"Nimerudi. Mmenisubiri sana?"

"Sana," Daktari aliujibu mchoro, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. "Tumekusubiri sana, mwanangu."

Mizuho alikuwa na utani tayari mdomoni, akauacha. Alimshika Daktari mkono uliokuwa bado umekamata wembe, kisha yeye pia akamwambia Toki hivyo hivyo.