Saa Tano ya Meli

Siku hizi kila anayeshuka kwenye meli hapa Roseau ameshasoma mahali. Anashuka na ushauri wake kwenye simu, na anaitazama simu kuliko anavyoitazama milima. Usinunue safari zinazouzwa melini, ni ghali. Tafuta dereva mwenyewe kwenye geti la bandari. Patana bei kabla hujapanda gari. Beba maji, rudi mapema, meli haimsubiri mtu. Ushauri mzuri, siukatai, na sisi tunakula kwa huo huo. Lakini aliyeuandika hakuwahi kukaa kwenye geti hili na beseni la mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi kama mimi, akaona mambo yanayobaki nyuma wao wakishapanda.

Kaka yangu Alphonsus, ambaye wote tunamwita Fonso, ana basi dogo na ni mmoja wa madereva wanaowachukua hao wanaojitegemea. Ana kisirani, ana maneno mengi, na abiria wanampenda. Kitu cha kwanza anachowauliza, kabla hata ya majina, ni saa. "Saa yako ni ya meli au ya kisiwa?" Meli zinazotoka Florida msimu wa baridi hazibadilishi saa zikifika kwetu, zinabaki nyuma yetu saa nzima. Simu ya huyu inajirekebisha yenyewe, ya yule hapana, na hapo ndipo mume na mke wanaanza kugombana barabarani. Fonso anawakagua mmoja mmoja, anawawekea wote saa ya meli, ndipo anawasha gari. Hajawahi kuachiwa abiria na meli, na amejisifia hilo mpaka tumechoka kulisikia.

Mwanawe Davin alikwenda kufanya kazi kwenye meli hizo hizo baada ya kimbunga kuondoka na paa letu. Alipata kazi ya kufua: mashuka, taulo, vitambaa vya meza. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Kisha mama yake, wifi yangu Merlyn, akafariki ghafla, meli ikiwa kule upande wa Mexico, na wakubwa wake hawakumpa ruhusa. Akapiga simu siku ya mazishi, tumetoka makaburini na viatu vina matope. Fonso akaipokea mbele yetu sote. Akamwambia, "Leo nimezika wawili," akakata.

Nilimtolea uvivu pale pale. Nilimwambia, Fonso, mtoto haongezi meli mwendo kwa kulia, ungetaka aogelee? Miaka miwili akawa hataji jina la Davin. Ukilitaja wewe, anaondoka. Lakini mimi ni dada yake, nimelala naye kitanda kimoja tukiwa wadogo, nilikuwa namwona anavyosimama akisikia honi ya meli yoyote. Alikuwa ameumia, na hakujua pa kuanzia.

Mwezi wa pili mwaka huu ikapatikana bahati. Meli ya Davin haikuwa inapita kwetu, lakini kisiwa kilichokuwa kwenye ratiba yao kilikuwa na mgomo bandarini, wakageuziwa huku. Mara moja tu. Baada ya mzunguko ule meli ilikuwa inahamia bahari za mbali, na mkataba wa Davin ungehama nayo. Akamtumia baba yake ujumbe wa sauti. Fonso aliusikiliza kijiweni, akauwasha tena ili niusikie, akauwasha tena kwa dereva mwenzake Cuthbert, mpaka nikamwambia inatosha, utaichosha simu. Mtoto alisema kwa upole tu: "Baba, Alhamisi tunafunga kamba Roseau. Napata ruhusa saa tano, ni muda mfupi. Kama unataka, nitatoka getini. Nataka nikaone alipolala mama." Fonso akamjibu neno moja, nitakuwepo. Akanyoa ndevu kuanzia Jumatano.

Aliniambia alichotaka kusema, na ndiyo maana nasema ninachokisema. Alitaka ampandishe Davin kwenye basi, mbele, siyo nyuma, waende makaburini, na pale kwenye kaburi la Merlyn amwambie kwamba alizika mmoja. Basi. Hakuwa na hotuba nyingine. Alijaribu kuisema mbele yangu ikamkwama, akajifanya ana kikohozi.

Alhamisi akawa getini mapema, na shati la kanisani. Alikuwa ameshapatana na wazee wawili Wamarekani wa meli hiyo hiyo, Bwana Lowell na mkewe Jeanette, wa kupanda nao kwenye maporomoko na kwenye mabwawa ya maji moto. Aliwaomba wamvumilie kidogo, yuko anamngoja mtu, watapanda naye na kupitia makaburini njiani. Wakakubali vizuri. Saa tano ikafika. Wafanyakazi wa meli wakaanza kutoka, wale vijana wanaokimbilia duka lenye mtandao wa bure kabla ya kuangalia kisiwa kiko wapi. Fonso akawa anachungulia kila uso. Davin hakuwamo.

Tano na nusu, hayupo. Bwana Lowell akaanza kuzunguka gari. Mkewe akawa anasoma ushauri wake kwa sauti, kwamba asubuhi ndiyo wakati mzuri, mchana magari ya melini hujaa huko juu. Fonso akaona haya. Akamwendea mlinzi wa geti akamuuliza habari za watu wa kufulia. Mlinzi, ambaye hakuwa na hili wala lile, akasema watu wa kufulia walitoka tangu asubuhi, wengine wameshaingia tena. Ni kweli walitoka, wa zamu nyingine. Lakini kwa mtu mwenye kidonda, maneno yale yalitosha.

Nilimwona uso ukibadilika. Akaja kwenye beseni langu akasema taratibu, "Ameniona nimesimama hapa, akapita pembeni." Nikamwambia asubiri kidogo, asinitie wazimu, mtoto aliyeomba mwenyewe atapitaje pembeni. Akasema amesubiri miaka miwili na karibu saa nzima, na saa nzima ndiyo iliyomuuma zaidi. Akawafungulia wazee mlango, akaondoka. Hakupiga hata honi, na Fonso hupiga honi hata akiona kuku.

Kengele ya kanisa ya saa sita ilikuwa haijamaliza kulia, Davin akatoka getini.

Amekonda, jamani. Amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ina makali, na mkononi ana mfuko wa vitu alivyomletea baba yake. Akanikumbatia, ananukia sabuni ya mashuka ya watu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema, "Shangazi, baba hajafika?" Nikamuuliza alisema saa ngapi. Akasema saa tano, na ndiyo saa tano hii, akanionyesha saa yake. Nikaitazama ile saa. Ilikuwa saa tano kweli, ya Florida.

Nikamwambia, mwanangu, baba yako amesimama hapa tangu kabla ya saa tano, saa tano yetu, ameondoka sasa hivi. Nilidhani tutacheka na kupiga simu. Davin akanitazama kama mtu anayeuziwa kitu kibovu. Akasema, "Shangazi, usimtetee. Baba? Nilikuwa na miaka minane, nabeba chupa za maji za abiria wake, ananiuliza kila siku saa ya nani, saa ya nani. Mtu akisema saa ya kushuka melini, ni ya meli. Aliyenifundisha ni yeye. Hawezi kukosea hilo."

Na alikuwa na haki. Ila na Fonso alikuwa na haki. Angekuwa abiria, angemuuliza saa ya nani. Mwanawe hakumuuliza, nani anamuuliza mtoto wake wa kumzaa anaishi kwa saa ya nani? Mtoto wa Roseau akisema saa tano, ni saa tano ya Roseau, ya kengele ile iliyompigia ubatizo. Kila mmoja alimwamini mwenzake akapitiliza.

Nikampigia Fonso. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Huko juu mtandao unakuja na kuondoka, na hata ungekuwepo, namjua kaka yangu akivimba. Cuthbert alikuwa anapanda na abiria wake, nikamshika mlangoni nikamwambia amtafute Fonso popote alipo, amwambie mtoto yupo, ni saa tu iliyowachezea. Nikamtafutia Davin gari jingine la kumpeleka makaburini. Akakataa. Alisema anabaki pale pale getini, asije baba akaja akamkosa. Kwa hiyo kaburi la mama yake hakuliona pia.

Tulikaa. Nikampa mikate na chai ya kakao, akala kidogo. Aliniambia wanalala wanne chumba kimoja, chini kabisa, chini ya usawa wa maji, hawana dirisha, asubuhi wanaijua kwa saa. Alikuwa anasema huku anatazama barabara. Kila basi dogo lililoshuka alisimama, kisha akakaa. Muda wake ulipokaribia kwisha akaniwekea ule mfuko magotini. Akasema, "Siku ile aliposema kazika wawili, nilijiambia ni hasira tu. Kumbe alikuwa anamaanisha." Nikamshika mkono nikamwapia kwa Merlyn kwamba siyo hivyo. Akanibusu shavuni kama mtu anavyombusu shangazi mwongo anayempenda, akaingia.

Yaliyotokea juu aliniambia Cuthbert. Alimkuta Fonso kwenye mabwawa ya maji moto, ameegemea gari, wazee wake wamo majini mpaka shingoni. Alipomweleza, Fonso alikaa chini kwenye majani. Kisha akawafuata wazee akawaomba watoke, ana shughuli mjini. Hakusema shughuli gani, kiburi chake kitamzika. Bwana Lowell akanyanyua mkono wenye saa kutoka majini akamtuliza kwa ukarimu kabisa, "Tuna muda tele, rafiki. Saa yetu ni ya meli, umetuwekea mwenyewe." Cuthbert alijitolea kuwarudisha yeye, ila basi lake lilikuwa limejaa. Na dereva wetu hawezi kuwaacha abiria mlimani. Akifanya hivyo mmoja, kesho melini wanatangaza kwamba madereva wa getini ni wahuni, na kijiwe kizima kinalala njaa. Fonso akasimama pembeni ya bwawa na taulo zao mikononi, akiwangoja.

Walishuka mbio, nasikia kona zote alizipiga kwa magurudumu mawili. Aliposimama getini, Davin alikuwa ameshaingia kitambo. Wazee walishuka wakacheka, wakamsifu kwa kuwarudisha mapema, mama yule akamwambia ataandika habari zake ili kila mtu ajue, ukifika Roseau usihangaike na safari za melini, mtafute Fonso, yeye ndiye mtu wa kumwamini kwa saa. Wakaingia. Fonso akamwomba mlinzi amwitie mtu wa kufulia mmoja tu, dakika moja tu. Mlinzi akasema wafanyakazi wakishahesabiwa hakuna anayetoka.

Nilimpa mfuko hakuufungua. Aliniuliza mtoto kasemaje. Nina ulimi mrefu, mji mzima unanijua, lakini nilishindwa. Nikasema alisubiri sana. Akatikisa kichwa, akaenda mpaka kwenye ukuta wa baharini. Meli ikafungua kamba. Akavua kofia akaanza kupunga, mkono mzima, kutoka bega, akipaza jina la mtoto kwa meli yenye ukubwa wa mlima. Nilijua Davin yuko wapi saa hiyo, kule chini na mashuka. Fonso naye alijua, alishatembezwa kwenye meli hizo.

Kule juu kwenye roshani wakatokea watu wawili wenye taulo nyeupe shingoni. Walikuwa Bwana Lowell na mkewe. Wakamwona, wakafurahi, wakaanza kumpungia kwa mikono miwili, yule mama akimrushia busu, mpaka meli ikageuka.