Pua ya Mama Mkwe

Mkamwana wangu alisema ile harufu iko kichwani mwangu. Aliyasema hayo mezani, mbele ya mwanangu, huku akimpakia mtoto siagi kwenye mkate.

"Mama, gesi inakunukia wewe tu. Uzee huo."

"Uzee uko magotini," nikamjibu. "Pua yangu haina mvi."

Mwanangu akainamia chai yake. Ndiye huyo niliyemzaa kwa uchungu!

Kila nikiingia jikoni ilinipokea harufu ya yai viza. Nafungua dirisha, mkamwana analifunga, eti vumbi. Nafunga koki ya bomba la gesi, anaifungua, kisha anapuliza manukato ya kopo mpaka macho yaniwashe. Nikasema aitwe fundi. Wakanicheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na mle ndani mlikuwa na manne.

Siku moja mwanangu akaja kuniambia niende kwa dada yake, nikapumzike. Nipumzike na nini? Mjukuu wangu nimekuwa nikilala naye chumba kimoja tangu mama yake aliporudi kazini. Usingizini hushika kidole changu.

"Fundi aje kwanza," nikasema. "Asipokuta kitu, nafunga mzigo mwenyewe. Akikuta, nabaki na mtoto."

"Haya, mama," akasema.

Fundi akaja. Akavuta jiko kutoka ukutani, akapaka povu la sabuni kwenye mpira unaoleta gesi. Mapovu yakavimba, yakapasuka, yakavimba tena. Akaruka kufunga koki na kufungua dirisha.

"Mpira umepasuka siku nyingi," akasema. "Mshukuruni Mungu. Cheche moja tu, na dirisha lilivyokuwa limefungwa, mngezikwa wote. Nani aliyenusa?"

Kabla sijafumbua mdomo, mkamwana akadakia, "Ni huyu mama! Kutwa anashikashika koki. Ndiye aliyeuharibu."

"Koki na mpira wapi na wapi?" fundi akasema. "Umechakaa tu. Msifungue gesi mpaka nilete mwingine."

Nani wa kumsikiliza? Lakini mimi sikujali. Furaha ilinijaa, siwezi kuificha. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kutoa nguo zangu kwenye sanduku walilokwisha kunifungia, na mtoto akinisaidia kwa kuzitupa chini.

Mwanangu akasimama mlangoni. Akaziokota, akazirudisha moja moja, akafunga zipu.

"Umeona mwenyewe, mama," akasema. "Nyumba hii si salama kwako."

"Ebo! Si tulikubaliana? Na huyu mtoto je? Kwake ni salama?"

Akaliinua sanduku. Hata kunitazama hakunitazama.

"Mtoto ana mama yake," akasema.

Aliniambia hivyo mimi, mama yake, nikiwa bado natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda.