Kidole cha Sita

Bariadi nzima, ukitaka kujua huu ni mfupa au ni jiwe, uliza ulimi wangu. Haujawahi kukosea.

Kazi yenyewe si ngumu. Mfupa uliogeuka jiwe una vitundu vidogo, ukiulamba, unanata. Jiwe la kawaida halinati. Haya alinifundisha dada yangu Zamda, aliyerudi nyumbani Somanda na sanduku la vipande kutoka kusini ili amalizie utafiti wake wa chuo. Akanikabidhi sinia la vipande vya mguu wa nyuma nikavichambue uani.

Mnyama wake alikuwa hoi. Kichwa hana, mkia hana, mgongo umebonyea kama chapati iliyokaliwa. Zamda alisema ni miongoni mwa wanyama wa mwanzo kabisa kutembea kwa miguu minne, ila wa ukoo gani, hajui. Vidole ndivyo vingesema. Vikiwa vitano, ana kundi lake linalojulikana. Vikizidi, ni wa kale zaidi, pengine hajawahi kupewa jina. Zamda akimweka pasipo pake, wasimamizi watamrudisha mwanzo, na miaka yote ya kuchimba iwe imepotea bure.

Uani nilimkuta shemeji Asumini, mke wa kaka, mjamzito, akichambua mchele huku akimung'unya udongo wake wa sokoni. Nikamtania kwamba atajifungua tofali. Akaendelea kumung'unya. Nikainuka kumfukuza kuku, goti likagonga sinia, mguu mzima ukatawanyika hadi chini ya kigoda chake. Nikaokota kila kitu, nikalamba kimoja kimoja. Kilichonata kilirudi kwenye sinia.

Jioni Zamda alipanga vidole mezani. Vikatimia sita.

Alivitazama kwa lenzi muda mrefu. Alisema cha sita ni laini kuliko wenzake, lakini kwa mnyama aliyechakaa hivi, lolote linawezekana. Akaniuliza kama kuna kitu kilidondoka uani. Nikamwambia hakuna, na kwamba ulimi wangu unashinda mashine zote za chuo chake. Akafungua kompyuta, akaanza kumwandikia msimamizi wake.

Asumini akaingia na birika la chai. Alipoinama kuliweka, akakiona kidole cha sita. Akakichukua, akakinusa, akakimega kwa meno.

"Nimekitafuta tangu asubuhi," akasema, akitafuna.

Zamda aliacha kuandika.

"Shemeji," Asumini akanigeukia, "ulipomwaga lile sinia, si nilikwambia uniachie udongo wangu? Ukanijibu nisikufundishe kazi."

Nikajimiminia chai.

Zamda alifuta alichoandika, taratibu, mpaka ukurasa ukabaki mweupe. Kisha akavuta kiti chake mbele yangu, lenzi mkononi.

"Hilali," akasema, "toa ulimi."