Alama ya Kutoa, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Miaka sita ya ujana wangu ililiwa na tundu la mnyoo. Ndivyo tunavyoliita sisi watu wa fizikia: handaki la kufikirika linalounganisha pande mbili za ulimwengu, uingie huku utokee kule. Hesabu za wengine zote husema haliwezi kukaa wazi bila nishati hasi, kitu ambacho hakuna aliyekipata cha kutosha. Tasnifu yangu ilisema linaweza. Siku ya kuitetea, chuoni kwetu Ontario, nilijiona nimeshautia udaktari mfukoni.

Mtahini wa nje, Profesa Ouellet, mama mmoja wa Montreal mpole hadi anaudhi, alinisikiliza saa nzima. Kisha akaniomba nifungue ukurasa wa arobaini na moja, akaniuliza, katika mlinganyo wa pale, kipimo cha wakati nimekiwekea alama gani.

Nikaliona kosa papo hapo. Fani yetu ina kambi mbili: moja huupa wakati alama ya kutoa, nyingine ya kujumlisha. Zote ni sawa, ilimradi usizichanganye. Msimamizi wangu, Profesa Hegge, ni wa kambi ya kwanza, mimi ya pili, na miaka yote amekuwa akiniita mpagani kwa hilo. Mlinganyo wa ukurasa ule niliutoa kwenye daftari lake nikaubandika kwenye hesabu zangu bila kuugeuza.

Niligeuza alama ubaoni, nikakokotoa upya. Hitaji la nishati hasi likarudi lote. Tundu likajifunga kabla hata mwanga haujapita. Sikuamini, nikarudia, likajifunga tena. Nililia mbele za watu, sioni haya kusema.

Nikamtazama Hegge anisaidie. Akainamisha macho, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa hasa.

“Ulijua?”

“Tangu Septemba, Brigid.”

“Ukaninyamazia?”

“Tundu hilo nimelitafuta miaka arobaini, binti yangu. Nilijiambia labda ni macho ya uzee tu. Nilitaka sana uwe umepatia.”

Mtu niliyemwamini kuliko baba yangu aliniacha niingie ukumbini na kosa analolijua, kwa sababu alilipenda.

Kwa kawaida mtahiniwa ndiye hutolewa nje watahini wakishauriana. Siku hiyo Ouellet alimwomba Hegge atoke. Mlango ulipofungwa, akanigeukia.

“Udaktari leo hupati, mwanangu. Nakupa miezi sita. Na uanze na hili: kama linajifunga, linajifunga baada ya muda gani?”

Sikujua. Nilifuta ubao, nikaandika mstari wa kwanza kwa alama moja tu, kisha wa pili. Hegge alikuwa amesimama nje ya kioo cha mlango, shingo ameinyoosha, anafuatilia hesabu. Nikasogea hatua moja kushoto, mgongo wangu ukamziba.