Isale Kwenye Pakiti

Jumamosi moja ya mwaka 1996, Antoni, mchoraji wa mabango pale Njoro, alimaliza lebo ya unga wa ndizi wa Doris. Katikati aliweka uso wa Doris akitabasamu, juu akaandika UNGA WA DORIS. Pembeni palibaki nafasi. Antoni alikuwa mtu wa Mwanza, mambo ya mlimani hakuyajua. Alikumbuka jani refu aliloliona kwenye uzio siku alipopanda kumpiga Doris picha, akalichora. Lilikuwa isale.

Kule mlimani, aliyekukosea akikuletea isale, umeshasamehe. Hakuna mjadala.

Unga wenyewe ulikuwa wa Eunike, mke wa kaka mkubwa wa mume wa Doris. Yeye ndiye aliyejua mshare, ile ndizi ya kupika, ikatwe lini, ianikwe juani kwanza kisha imalizikie darini juu ya jiko, isagwe ikiwa bado inanukia moshi kidogo. Alimfundisha Doris alipoolewa, hajui hata kumenya ndizi. Sasa Doris aliuza mpaka Himo, na Eunike aliona wivu. Tuseme ukweli, ulikuwa wivu mtupu. Alichukia hata mwanya wa Doris, ambao kwenye lebo ulitoka vizuri sana.

Pakiti zilipofika madukani, kila asubuhi lile jani lilikuwa na umande. Wenye maduka walilifuta kwa kitambaa, wakaendelea kuuza. Himo, mwanamke mmoja alishika pakiti akamsamehe mumewe palepale kaunta. Mzee Ebenezeri na jirani yake walinunua kila mtu yake, wakafuta kesi ya mpaka. Mchungaji alitangaza kwamba wazee wa usuluhishi hawatakutana mwezi huo, kwa kuwa hakuna waliogombana.

Eunike akaenda kudai jina lake liandikwe kwenye lebo. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Shikamoo, Mama Brenda," Doris akasema. "Hebu shika hii, ni ya mzigo mpya."

Eunike akaishika. Hasira ikamtoka yote, akajikuta anauliza hali ya watoto. Alikunywa chai, akaisifu lebo, na Doris alipomwomba awe anamkaushia ndizi, akakubali. Nyumbani alipoiweka pakiti mezani, wivu ulirudi.

Safari ya pili alikwenda mikono ameificha ndani ya kanga. Doris, ambaye hakuwa mjinga, alimwekea pakiti mapajani.

Baadaye Antoni alielezwa maana ya jani. Aliona aibu, akajitolea kuchora mkungu wa ndizi badala yake.

"Jani liache," Doris akamwambia. "Na jina liache hivyohivyo."

Eunike alisikia. Siku hiyo alichukua mkasi, akaishika pakiti kwa kitambaa asiiguse, akalikata jani na kulitupa nje ya mlango, ambako lilishika mizizi kabla ya mvua. Iliyobaki aliitundika ukutani jikoni. Doris alitabasamu pale na mwanya wake, na Eunike akamwonea wivu mpaka akaridhika. Huu angalau ulikuwa wake, na hakuna aliyeuandikia jina la mtu mwingine.

Kisha akateremsha ndizi kutoka darini, kwa sababu Doris aliutaka unga Jumatatu.