Damu Haisubiri Fomu

Pikipiki ilipoanguka nje kidogo ya Bombambili, kwenye barabara ya Namtumbo, Koplo Anjelika wa trafiki alikuwa hatua mia tu kutoka hapo akikagua basi. Alitimua mbio na nguo zake nyeupe, kofia ikabaki njiani.

Fidelisi, mkulima wa tumbaku, alikuwa amelala chali kando ya lami. Chuma cha pikipiki kilimchana paja, na damu ilitoka kwa kuruka. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi wazee walikuwapo watatu, na watu wazima wengine ishirini, wote mikono nyuma, wakimtazama mwenzao akiisha.

"Msimguse!" alionya mzee Urbani. "Bila PF3 ya polisi hospitali hawampokei. Haya, afande kaja. Andika upesi, mama, tumpeleke!"

Na Mungu amsamehe Anjelika, mkono wake ulikwenda kwenye begi kutafuta hiyo fomu ya majeruhi. Miaka tisa alikuwa akianza hivyohivyo: fomu, kalamu, jina.

"Jina lako?"

"Fide..." Jibu halikuisha. Midomo ilikuwa imepauka.

Hapo Anjelika akakumbuka. Wiki mbili nyuma alikuwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, akifunga bandeji kwenye mguu wa Sajenti Romanus usio na hata mchubuko huku wote wakicheka. Mwalimu hakuchoka kurudia: bana, usiachie. Anjelika akaitupa fomu.

"Mama, kanga!"

Sabra, muuza maandazi, akavua ya juu bila kuuliza. Anjelika akaikunja, akaishindilia kwenye jeraha kwa viganja viwili na uzito wake wote.

"Mzee, simamisha gari! Gari lolote!"

"Na fomu, afande?"

"Fomu haitoki damu, mzee wangu! Kimbia!"

Urbani, na miaka yake sabini, akaruka katikati ya barabara, akapunga mikono yote miwili mpaka pikapu ikasimama. Wakampakia Fidelisi juu ya magunia ya mahindi. Anjelika akapanda naye, amepiga magoti, viganja juu ya kanga, na hakuachia kwenye tuta wala kwenye kona. Alimwita jina, alimgombeza, alimwomba. Walipofika mjini alihisi kanga imeacha kulowa.

"Inakata! Jamani, damu inakata!" alipiga kelele, na watu wa barabarani wakageuka kumtazama askari aliyejaa damu akishangilia kama kwenye harusi.

Mlangoni mwa hospitali muuguzi alimpokea mgonjwa kwanza, fomu hakuiulizia. Fidelisi akafumbua macho, akaona sare nyeupe ya trafiki, akashtuka.

"Afande," akanong'ona, "leseni nimeiacha nyumbani."

Anjelika akacheka, machozi yakimtiririka.

"Sema tena," akamwambia. "Sema tena, kaka yangu, nikusikie."