Ishirini na Tisa Waliobaki

Wanafunzi walimwita Mama Samaki. Alijua, wala hakukasirika. Alikuwa profesa wa ikolojia ya samaki, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya chini, jirani na stoo ya viti vibovu. Humo alifuga visamaki vya urefu wa kidole, vyenye mapezi ya njano, ambavyo havikuwahi kuonekana popote isipokuwa kwenye chemchemi moja. Chemchemi hiyo ilifukiwa kwa kifusi barabara ilipopanuliwa. Yeye aliwahi kufika na ndoo mbili kabla haijafukiwa, akaokoa aliowaweza.

Mwanzoni walikuwa sitini na wawili. Mwaka wa pili baba yake alifariki. Akaenda kuzika, akamwachia fundi wa maabara funguo. Umeme ukakatika, fundi akasahau kuwasha jenereta, pampu za hewa zikazima. Aliporudi siku ya tatu alikuta ishirini na tisa. Hakumgombeza mtu. Alichukua funguo zake, na tangu hapo hakusafiri tena.

Mdogo wake, ndugu yake wa pekee, alipoolewa, yeye alituma seti ya sufuria badala ya kwenda.

"Dada, ni siku mbili tu," mdogo wake alimsihi kwa simu.

"Siku mbili ndizo zinazoniulia samaki."

"Haya, kaa nao. Siku ukifa watakuja kukuzika."

Walicheka wote, ila mdogo wake ndiye aliyetangulia kunyamaza.

Miaka kumi na mbili ikapita hivyo. Samaki walizaana, matangi yakafika tisa. Kila Jumamosi alipima maji ya bwawa moja ndani ya msitu wa hifadhi, mwezi baada ya mwezi, mpaka akaridhika. Kibali kilipotoka, aliwapeleka wote mia tatu na kumi kwa gari la idara. Dereva alimsaidia kuinamisha ndoo. Samaki wakachomoka, wakapotelea kwenye majani.

"Hata hawaagi," dereva alisema.

"Hawana adabu," alijibu, akageuka kufuta miwani.

Aliosha matangi, akachomoa pampu. Ofisi ikawa kimya hadi akasikia saa yake ya mkononi. Bado alifika saa moja asubuhi, akakaa, akakosa cha kulisha.

Mwezi wa tano tangu awaachie, wavu wake ulinasa vifaranga wadogo kama ukucha. Palepale ukingoni akapiga simu.

"Wamezaa!"

"Nani kazaa?" mdogo wake alishtuka.

"Samaki wangu. Huku bwawani, wenyewe!"

"Hongera, dada. Kwa hiyo sasa unaweza kuja?"

Alikwenda Ijumaa ile. Mlango ulifunguliwa na binti wa miaka kumi. Alisema shikamoo vizuri sana, kama anavyosalimiwa mgeni, kisha akageukia ndani: "Mama, ndiye mama mkubwa?"

Walimpa chumba cha wageni na taulo jipya. Jumatatu mdogo wake alikwenda kazini, mtoto shuleni. Akabaki sebuleni na picha za ukutani: harusi, ubatizo, sherehe za kuzaliwa. Alizitazama moja moja, akijitafuta. Jioni mtoto alimkuta bado amesimama pale.

"Mama mkubwa, unaondoka lini?"

"Unanifukuza?"

"Hapana. Kesho nina hesabu ngumu."

Alikaa wiki mbili. Kufikia siku ya tano hakuuliza tena sukari inawekwa wapi.